Pimeni Konea Kabla ya Kisu

Kauli hii nimeisikia hapa Uganda, Kasese mjini, nimeisikia Kisinga, na nimeisikia Bwera kwenye mabenchi ya wagonjwa wanaosubiri kuitwa: mzee alikuwa haoni kabisa, leo anaona, hayo mengine ni anasa. Daktari aliyechoka huisema. Diwani anayesifia kambi ya macho iliyofika kwake huisema. Hata mtoto wa mgonjwa huisema, huku amemshika mama yake mkono wanarudi nyumbani. Ukiuliza ni lenzi gani imewekwa, unajibiwa kwamba lenzi ni lenzi. Ukitaja astigmatizimu, unaambiwa hiyo ni shida ya watu wa Kampala wanaoendesha magari usiku na kukodolea kompyuta kutwa. Mkulima wa kahawa wa mlimani, wanasema, hahitaji zaidi ya kuona njia.

Naipinga kauli hiyo yote. Kila anayepasuliwa mtoto wa jicho, awe mhadhiri wa Makerere au mchimba chumvi wa Katwe, anastahili kupimwa mpindo wa konea yake kabla ya kisu, na upasuaji wake ufuate kipimo hicho. Sidai kila mtu awekewe lenzi ya bei kubwa. Nitaeleza mbele kwa nini wengi hawaihitaji. Ninachodai ni uamuzi uliofanywa kwa kujua. Vijijini, mara nyingi mno, hakuna uamuzi unaofanywa. Kuna mazoea, na mgonjwa anabeba matokeo ya mazoea hayo mpaka kaburini.

Tuanze na jicho lenyewe, maana utetezi wa "inatosha" unasimama juu ya kutokujua jicho linavyofanya kazi. Mwanga ukiingia hupindwa mara mbili, kwanza na konea, ile ngozi angavu ya mbele, halafu na lenzi iliyo nyuma ya mboni. Konea ndiyo yenye nguvu kubwa, dayopta (kipimo cha nguvu ya kupinda mwanga) zipatazo 43; lenzi huongeza kama 20. Mtoto wa jicho ni ukungu wa lenzi. Astigmatizimu, kwa wengi wa wagonjwa hawa, ni umbo la konea: badala ya kuwa na duara sawa pande zote kama mpira, imebanwa kidogo kama yai, na mpindo wa upande mmoja ukawa mkali kuliko wa upande mwingine. Basi mistari ya wima hukusanyika mahali pamoja na ya mlalo mahali pengine, na hakuna mahali ambapo picha nzima imetulia.

Mpasuaji anapotoa lenzi yenye ukungu na kuweka ya plastiki, konea hubaki kama ilivyokuwa, au hubadilika kwa sababu ya mkato aliouweka yeye mwenyewe. Lenzi ya kawaida ina nguvu moja pande zote, kwa hiyo haina uwezo wa kusawazisha konea isiyo sawa. Aliyeingia na dayopta 2 za astigmatizimu atatoka nazo, na mkato ukiwekwa pasipofaa atatoka na 3. Ukungu umeondoka, lakini picha bado imevutwa. Na hili si jambo la watu wachache: walikopima macho yenye mtoto wa jicho kwa wingi, theluthi moja au zaidi yamekutwa na astigmatizimu ya konea ya dayopta 1 au zaidi.

Sasa twende Mpondwe siku ya soko tuone hayo macho ya "kuona njia" yanatakiwa kufanya nini. Mama anauza maharage kwa wateja wanaovuka mpaka kutoka Kasindi, Kongo. Mkononi ana shilingi za Uganda na faranga za Kongo, na kiunoni simu ndogo ya vitufe ambamo malipo huingia kwa ujumbe. Noti zinamsaidia kwa rangi, ya elfu ishirini ni nyekundu na ya elfu mbili ni buluu. Ujumbe wa simu hauna rangi. Kwa jicho lenye dayopta 2 za astigmatizimu isiyorekebishwa, 3 na 8 na 6 hufanana, sifuri hushikana, na mstari wa chini hupanda juu ya ule ulio juu yake. Shangazi yangu anafanya biashara hiyo. Nimemwona akimkabidhi simu kijana asiyemjua amsomee kiasi kilichoingia, kisha akimtazama usoni kujaribu kujua kama amemwambia kweli. Alipasuliwa macho yote mawili kambini. Karatasi aliyotoka nayo inasema upasuaji umefanikiwa. Haina hata namba moja ya mpindo wa konea, na nguvu ya lenzi iliyoandikwa kwa jicho la kulia ni ile ile iliyoandikwa kwa la kushoto, namba ambayo kambi hiyo ilimwekea kila aliyepita mezani siku hiyo.

Kwa mujibu wa takwimu, shangazi ni ushindi. Alikuwa haoni vidole, sasa anahesabu vidole vya mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara. Mimi nasema mtu anayelazimika kumwamini mgeni juu ya pesa zake mwenyewe amerudishiwa sehemu tu ya macho yake, na sehemu iliyobaki ilikuwa inapatikana siku ile ile, juu ya meza ile ile.

Vivyo hivyo kwa mkulima. Anayelima miteremko ya Kyarumba au Kyondo hashuki barabara ya lami. Anashuka njia ya mawe na mizizi, na mguu unategemea kuona ukingo wa jiwe. Ukingo uliovutika ni mguu uliokosea, na mfupa wa nyonga ukivunjika mlimani katika umri wa miaka 70 ni habari nyingine kabisa. Kahawa nayo huchambuliwa kwa macho: punje iliyotobolewa na mdudu, iliyopauka, iliyovunjika. Anayeshindwa kuzitenganisha huuza kwa bei ya chini. Wanaosema watu hawa hawahitaji kuona vizuri hawajawahi kukaa nao wakifanya kazi.

Hoja ya "inatosha" ina historia, na historia yake haiiheshimishi. Tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas' jijini London, Harold Ridley aliweka lenzi ya plastiki ndani ya jicho la mgonjwa kwa mara ya kwanza. Alikuwa amegundua kwamba vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege za kivita vilivyoingia machoni mwa marubani vilikaa humo bila kulichoma jicho. Wakubwa wa taaluma yake walimpinga kwa miaka mingi. Lenzi zilipokuja kukubalika katika nchi tajiri, maskini waliambiwa zisubiriwe. Kambi za Asia na Afrika ziliendelea kutoa lenzi nzima ya jicho na kumvisha mgonjwa miwani minene ya dayopta 10, iliyokuza vitu kwa zaidi ya robo, iliyokata pembe za mwono, na iliyomrudisha upofuni siku ilipoanguka ikavunjika. Watu wenye nia njema kabisa waliitetea miwani hiyo. Walisema lenzi ni ghali, zinataka darubini na mafunzo, na mwanakijiji anachohitaji ni kuona njia. Maneno yale yale.

Waliobomoa utetezi huo hawakufanya hivyo kwa kubishana tu. Huko Madurai, India, hospitali ya Aravind aliyoianzisha Dkt. Govindappa Venkataswamy mwaka 1976 ilifungua kiwanda chake cha lenzi, Aurolab, mwaka 1992, na bei iliyokuwa dola mia na zaidi ikashuka hadi chini ya dola 10. Karibu na sisi zaidi, daktari Fred Hollows wa Australia aliwaahidi Waeritrea kiwanda cha lenzi wakati bado wako vitani. Alifariki mwaka 1993, na mwaka uliofuata kiwanda kikafunguliwa Asmara. Na hapa hapa kusini-magharibi mwa Uganda, Keith Waddell, daktari Mwingereza aliyefanya kazi kwa miongo mingi Ruharo, Mbarara, alilichukulia swali la lenzi ya mwanakijiji kuwa swali la kisayansi lenye uzito kamili. Mwaka 2004 yeye na wenzake walichapisha katika British Journal of Ophthalmology utafiti wa wagonjwa wenye mtoto wa jicho macho yote mawili: jicho moja la mtu likawekewa lenzi mbele ya mboni, la pili nyuma yake, kwa bahati nasibu, kisha macho ya mtu yule yule yakalinganishwa. Hakuna anayehangaika namna hiyo akiamini kwamba lenzi ni lenzi.

Leo hakuna anayesimama kuitetea miwani ile minene. Waliosema inatosha walikosea, na wanaosema hivyo kuhusu konea wanakosea kwa njia ile ile: wanapima haja ya mtu kwa umaskini wake.

Nakuja kwenye gharama, maana hapo ndipo mabishano mengi huishia. Nikisema astigmatizimu ishughulikiwe, watu husikia lenzi toriki, ile yenye nguvu tofauti katika mihimili miwili, inayouzwa kwa bei mara nyingi zaidi ya ile ya kawaida. Wanasema Bwera haiwezi. Lakini silaha ya kwanza dhidi ya astigmatizimu katika upasuaji wetu haiuzwi dukani. Ni mahali mkato unapowekwa.

Upasuaji unaofanywa zaidi kwetu ni ule wa mkato mdogo kwa mkono, usiohitaji mashine ya mawimbi ya sauti wala uzi. Mpasuaji anachimba kijia cha milimita 6 au 7 kwenye weupe wa jicho, anatoa mtoto wa jicho, anaingiza lenzi, na kijia kinajifunga chenyewe. Mkato wa namna hiyo hulegeza konea katika mhimili wake. Tangu zamani mpasuaji huketi kichwani pa mgonjwa na kukata juu, saa 12 ya uso wa saa, kwa hiyo mhimili unaolegea ni wa wima. Sasa angalia umri. Ujanani konea nyingi huwa kali zaidi wima. Baada ya miaka 60 nyingi huwa zimegeuka, ukali umehamia mlalo. Mgonjwa wa mtoto wa jicho kwa kawaida ni mzee. Ukimkata juu unalegeza upande ambao tayari ndio mlegevu, na tofauti inakua. Ukikata ubavuni, upande wa sikio, unalegeza ule ulio mkali, na tofauti inapungua.

Hii haijabaki nadharia. Nchini India, Gokhale na Sawhney walichapisha mwaka 2005 vipimo vya mikato mitatu katika upasuaji huu huu wa mkono. Mkato wa juu ulileta kwa wastani dayopta 1.28 za astigmatizimu, wa ubavuni 0.37, na wa kati ya hiyo miwili, juu kuelekea sikioni, 0.20. Karibu dayopta moja nzima inaokolewa kwa mpasuaji kusogeza kiti chake kutoka kichwani pa mgonjwa hadi sikioni. Huko Nepal, Sanduk Ruit na wenzake walipolinganisha upasuaji wa mkono, wakikata ubavuni, na ule wa mashine ya bei kubwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, baada ya miezi sita asilimia 98 ya kila kundi walifikia kiwango cha kuona kinachohesabiwa kuwa kizuri wakisaidiwa na miwani. Bila miwani, wa mkono walikuwa 89 katika 100 na wa mashine 85. Vifaa vya Nepal vijijini si vya ajabu kuliko vyetu.

Wapasuaji wana majibu yao, na baadhi ni ya kweli. Aliyefundishwa kukata juu atakuwa mzito mwanzoni akikata ubavuni. Kope ya juu hufunika kidonda cha juu, wakati cha ubavuni kiko wazi zaidi na kinataka kijia kilichojengwa vizuri. Kitanda kilichosukumwa ukutani hakimpi nafasi ya kuketi upande wa pili. Yote hayo yana dawa, na dawa zenyewe ni mafunzo na kuvuta kitanda. Uganda imejenga huduma ya macho vijijini juu ya matabibu wa macho waliosomea Jinja, na baadhi yao wakaongezewa mafunzo ya kupasua mtoto wa jicho. Mikono hiyo imefanya kazi kubwa kwa vifaa vichache. Kuwaambia kwamba hawawezi kujifunza mkato wa pili ni kuwadharau.

Ila mkato wa ubavuni nao usiwe mazoea mapya ya kufunga macho. Wapo wazee ambao konea yao bado ni kali wima, na hao kuwakata juu ndiko kunakowafaa. Huwezi kujua yupi ni yupi kwa kumtazama usoni. Lazima upime.

Kupima kunahitaji nini? Keratomita, ya mezani au ya kushika mkononi, ambayo hutoa namba mbili za mpindo na mhimili wake. Kazi ya dakika chache kwa kila jicho. Namba hizo zinahitajika hata kama hujali astigmatizimu, kwa kuwa zikiunganishwa na urefu wa jicho uliopimwa kwa mawimbi ya sauti ndizo zinazokwambia lenzi ya nguvu gani iwekwe. Kukosea urefu kwa milimita moja ni kukosea miwani kwa dayopta 2.5 au zaidi. Kambi inayoweka lenzi ya namba moja kwa kila mtu inacheza bahati nasibu kwa macho ya watu, na haya nayasema nikijua ugumu wa kubeba mashine kupanda mlima.

Pale ambapo hata keratomita haijafika, kuna kifaa cha tangu mwaka 1880, alichokibuni Mreno Antonio Plácido: kibao cha duara chenye miviringo myeusi na myeupe na tundu katikati. Mgonjwa anaketi mgongo ukielekea dirishani, wewe unashika kibao mbele ya uso wake mwanga wa dirisha ukikipiga, unachungulia kupitia tunduni, na miviringo inaonekana juu ya konea yake. Ikiwa mduara kamili, konea iko sawa. Ikiwa imerefuka upande mmoja, pana astigmatizimu, na urefu wenyewe unakuonyesha mhimili. Ikiwa imekatika na kupinda ovyo, pana kovu, na hapo lenzi yoyote duniani haitasawazisha. Kibao hakikupi namba, lakini kinakuambia nani apelekwe apimwe zaidi kabla ya kuguswa. Fundi yeyote wa Kasese anaweza kukitengeneza.

Kuna jambo linaloihusu nchi hii hasa, nami nashangaa halizungumzwi. Wilaya ya Kasese imekatwa na mstari wa ikweta. Barabara inayotoka mjini kuelekea kusini inauvuka karibu na Kikorongo. Jua na vumbi hapa ni vya mwaka mzima, na kwenye ziwa la chumvi la Katwe mwanga hurudi tena kutoka majini kumpiga mtu usoni. Watu wanaofanya kazi juani hivyo, wavuvi, wachimba chumvi, wachungaji, huota kinyama kwenye weupe wa jicho, mara nyingi upande wa pua, kinachotambaa taratibu kuelekea mboni. Madaktari hukiita terijiamu. Kikishapanda juu ya konea huilegeza kwa mlalo, na chenyewe kinaweza kuzalisha astigmatizimu ya dayopta kadhaa. Sasa mzee ana mtoto wa jicho na kinyama kwa pamoja. Ukimpima huku kinyama kipo, ukachagua lenzi kwa kipimo hicho, kisha baadaye mwingine akaja kukiondoa kinyama, konea itabadilika na lenzi uliyochagua haitakuwa sahihi tena. Kinyama kikubwa kiondolewe kwanza, konea iachwe itulie kwa wiki kadhaa, ndipo ipimwe na lenzi ichaguliwe. Anayeamini kwamba lenzi ni lenzi hawezi hata kuliona tatizo hili, achilia mbali kulitatua. Na hawa si wagonjwa wa Kampala wanaokaa ofisini. Ni wetu.

Upande wa pili nao unanikera, tena si kidogo: wale wanaomwambia mwalimu mstaafu wa Kasese auze shamba aende mji mkuu, au avuke bahari mpaka India, akawekewe lenzi toriki kwa kuwa ndiyo ya kisasa. Lenzi hiyo ni nzuri inapostahili. Ina masharti, na anayeiuza hayataji. Inasahihisha kwa kukaa katika mhimili wake hasa. Ikizunguka digrii moja hupoteza kama asilimia 3.3 ya kazi yake, ikizunguka 30 haisaidii kitu, ikipita hapo huongeza tatizo. Mgonjwa hutiwa alama jichoni akiwa ameketi, maana jicho huzunguka kidogo mtu akilala chali. Kifuko cha lenzi lazima kiwe kizima baada ya upasuaji. Na lenzi ikizunguka, kwa kawaida siku za mwanzo, mgonjwa arudi mapema irekebishwe. Kutoka Bwera hadi Kampala ni safari ya siku nzima. Aliyeuza shamba kupata nauli ya kwenda hana la kuuza apate ya kurudi.

Kwa hiyo nitasema wazi ninayemwona anastahili. Mwenye dayopta 2 au zaidi zilizo sawasawa, konea safi isiyo na kovu wala kinyama, anayeweza kulipa bila kuivunja nyumba na kurudi kliniki akiitwa, huyo aelezwe habari za lenzi toriki na achague. Chini ya dayopta 1, mkato mzuri na lenzi ya kawaida vinamtosha. Aliye katikati, mkato umpunguzie na miwani immalizie. Lenzi za kuona mbali na karibu kwa pamoja nazikataa kabisa kwa mtu ambaye astigmatizimu yake haijasahihishwa; hugawanya mwanga uliokwisha vurugika, na mwenye jicho hupoteza kote kuwili.

Kuna hoja moja ya upande wa "inatosha" ninayoipa heshima yake. Astigmatizimu ndogo, ikiambatana na kuona karibu kidogo, inaweza kumpa mzee nafasi ya kusoma noti na simu bila miwani. Ni kweli. Wapo wapasuaji wanaoiacha kwa makusudi, na mimi ningependa shangazi yangu angeachiwa hiyo. Lakini ili uiache kwa makusudi ni lazima uwe umeijua. Nusu dayopta iliyoachwa na aliyepima ni matibabu, na 2 zilizoachwa na asiyepima ni uzembe. Anayeitumia hoja hii kutetea kutopima hajaielewa.

Miwani nayo husemwa haraka mno: atavaa miwani. Miwani ipi? Ile inayotandazwa sokoni ina nguvu moja pande zote, sawa na lenzi aliyonayo ndani ya jicho, haigusi astigmatizimu. Ya kusahihisha hukatwa kwa oda, kwa mhimili uliopimwa, na fremu ikipinda mhimili unapinda nao. Mtu wa Kyondo atashuka mara ngapi kuifuata? Miwani ni msaada wa kweli pale tu inapokuwa sehemu ya mpango: mgonjwa akarudishwa baada ya wiki sita, akapimwa, akapewa. Kumwambia mtu akaitafute mwenyewe ni kumfukuza kwa adabu.

Hoja yao ya mwisho ni ya wingi. Foleni ni ndefu, wapasuaji wachache, na kila dakika inayotumika kupima ni kipofu mmoja anayerudi nyumbani bila kuguswa. Ningeiogopa hoja hii kama ingekuwa sahihi. Kwanza, kupima hakufanywi na mpasuaji. Muuguzi wa macho hupima siku moja kabla, wakati wagonjwa wanaandikishwa, na chumba cha upasuaji hakipotezi hata dakika. Pili, dunia yenyewe imeacha kuhesabu vichwa tu. Mkutano wa Afya Duniani wa mwaka 2021 uliweka lengo kwamba kufikia 2030 kiwango cha wanaofikiwa na upasuaji wa mtoto wa jicho kiongezwe kwa pointi 30 za asilimia, na wanaohesabiwa ni wale waliopasuliwa na wakapata matokeo mazuri, yaani kuona 6/12 au bora zaidi (kusoma kwa mita 6 kile ambacho jicho zima husoma kwa mita 12). Wizara zetu zilikuwa mkutanoni. Mgonjwa aliyebaki na 6/24 kwa sababu ya konea isiyopimwa amechukua kitanda, lenzi, dawa na saa za mpasuaji, na bado hayumo katika hesabu hiyo.

Tatu, na hili wapangaji wa kambi wanalijua ingawa hawalisemi hadharani: watu wa mlimani hupelekana kwa ushuhuda. Mzee akirudi akasoma simu yake mwenyewe, mwezi ujao majirani wake wanashuka. Akirudi akiwa anapapasa ngazi, hao hao wanasema upasuaji haufanyi kitu, na wanakaa na upofu wao miaka mingine mitano. Kukimbilia wingi kwa kuacha ubora hupunguza wingi wenyewe.

Basi wewe unayempeleka mzazi wako, iwe hospitali ya Kagando, iwe Mbarara, iwe kambi iliyotangazwa redioni, uliza kabla hajapigwa sindano ya ganzi. Konea imepimwa? Namba zake ni zipi? Mkato utakuwa wapi, na kwa nini? Kinyama hiki kitafanywaje? Atarudi lini kupimwa miwani? Hakuna utovu wa heshima katika maswali hayo. Daktari mzuri huyafurahia, na anayekasirika ameshakujibu. Madai yangu kwa wanaopanga huduma ni mepesi kuliko wanavyodhani: keratomita moja inayosafiri na kila timu, kitanda kinachofikika pande zote mbili, na kadi ya kutokea yenye vipimo vya konea kabla na baada, nguvu ya lenzi, na mahali pa mkato.

Kadi hiyo nasisitiza kwa sababu ya jicho la pili. Wengi hupasuliwa moja, wakarudi kwa lingine baada ya mwaka, mara nyingi mahali pengine na kwa mpasuaji mwingine. Konea mbili za mtu mmoja hukaribiana sana kwa umbo. Mpasuaji wa pili akikuta kwenye kadi jinsi ya kwanza ilivyoitikia mkato, na namba iliyopatikana baada ya wiki sita, anajua aweke kiti chake wapi na achague lenzi gani kabla hajanawa mikono.